Mkomamanga wa Digidigi na Mikono ya Majirani

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa hiyo imelala. Walio nyuma sikuwasikia. Paukwa.

Pakawa.

Haya, sasa twende pamoja. Zamani sana, kale ile ambayo wazee wa wazee wetu waliisikia tu, palikuwa na bonde liitwalo Kwamshale. Wanyama wa Kwamshale walikuwa wema. Lishikeni neno hilo tangu sasa, maana taabu yote nitakayoieleza ilitokana na wema wao.

Siku moja akaja mgeni, naye alikuwa Digidigi. Digidigi si mbuzi. Wala si mtoto wa swala anayesubiri kukua. Digidigi ni mnyama mzima, miguu kama vijiti, pua ndefu kidogo, macho makubwa. Huyu alikuwa mjane. Ukame ulimchukua mumewe huko nyikani, akabaki na mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa haoni tena, na miguu yake ya nyuma ilikuwa imelegea. Walitembea siku kumi na tisa. Hatua kumi, wanapumzika. Hatua kumi, wanapumzika. Walipofika Kwamshale mama akalala chini, puu, akasema kwamba hapo ndipo alipofika, na asiambiwe tena habari za safari.

Mkuu wa bonde, yaani jumbe, alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa mzito wa mwili na mwepesi wa machozi. Alipowaona akalia. Alipomaliza kulia akawaeleza sheria. Mgeni wa Kwamshale hupewa kipande cha ardhi, naye hupanda mti mmoja. Mti ukizaa tunda likaiva, mgeni anakuwa mwenyeji, yeye na wazee wake na watoto wake. Mvua ya kwanza ya masika ya tano ikinyesha kabla tunda halijaiva, basi ardhi haikumkubali, naye huondoka. Kiboko akasema sheria hiyo hakuitunga yeye. Akalia tena.

Digidigi akamtazama mama yake pale alipolala. Akajua kwamba wakifukuzwa, ataondoka peke yake. Mama hataweza hata hatua kumi za kwanza.

Alikuwa na mbegu alizotoka nazo kwao, amezifunga katika jani kavu. Akazipanda. Zikaoza zote ila moja. Ile moja ikachipua.

Mti uliochipua ulikuwa mkomamanga. Tunda ni komamanga, mti ni mkomamanga. Wako watu wa visiwani wanaouita mkudhumani, na mti ni huohuo. Leo tutasema mkomamanga, tusichanganye.

Sasa sikilizeni desturi ya Kwamshale, maana pasipo desturi hiyo hakuna hadithi. Katika bonde lile, mtu hapiti penye mmea wa jirani akiwa ameukunja mkono wake. Lazima autie mmea huo mkono. Ang'oe gugu, amwage maji, afanye chochote. Akipita bila kugusa, watu husema ana kijicho, anautamani mmea ule ukauke. Na mwenye mmea naye hana ruhusa ya kukataa. Jirani akiweka mkono, wewe husema, "Umepokelewa." Ukikataa mkono wa jirani umemwita mchawi mbele ya watu.

Wa kwanza alikuwa Kiboko mwenyewe. Alikuja kutoka mtoni, mashavu yamejaa maji, hawezi kusema. Akasimama juu ya kimche kilichokuwa na majani sita. Akafungua kinywa. Bwaaa! Kimche kikalala chini. Kiboko akasema mti mchanga una kiu kama mtoto mchanga, na kwamba yeye atakuja kila asubuhi, asijali.

"Umepokelewa," akasema Digidigi.

Wa pili alikuwa Ngiri. Nimesikia mtoto mmoja hapo akisema nguruwe. Nguruwe ni mwingine. Ngiri ana vinundu usoni na meno yaliyopindia nje, na akikimbia mkia wake husimama. Ngiri alileta samadi. Hakuleta kidogo. Aliisukuma kwa pua, fuku, fuku, fuku, mpaka kimche kikafukiwa hadi shingoni. Kisha akaifukua ardhi pande zote kwa meno, ili mizizi ipate hewa. Mizizi mingine ikakatika. Ngiri akasema hiyo ilikuwa mizizi mivivu.

"Umepokelewa," akasema Digidigi.

Wa tatu alikuwa Kima. Kima, si nyani. Kima alikuwa na vidole vyepesi na maneno mengi, na alimwita Digidigi dada mgeni. Kazi yake ilikuwa kupunguza matawi. Kila ncha ya tawi iliyochomoza aliikata kwa meno. Kwachu. Akarudi nyuma, akafinya jicho moja, akaona kwamba upande wa pili umezidi. Kwachu. Sasa upande wa kwanza ukazidi. Kwachu. Alisema mti lazima uwe duara, kwa sababu mti usio duara unamwaibisha mwenyewe.

"Umepokelewa," akasema Digidigi.

Wa nne alikuwa Bi Pelele. Wengine humwita pimbi, ni mnyama huyohuyo, mdogo, mnene, anayekaa majabalini. Bi Pelele alimwita Digidigi mwanangu. Alisema jua la Kwamshale ni kali na mti huu haujalizoea. Akajenga kibanda. Fito nne, nyasi juu. Mti ulipokua, akaondoa kibanda kidogo akajenga kikubwa. Mkomamanga ule ukaishi kivulini kama mwari aliyefichwa ndani.

"Umepokelewa, mama," akasema Digidigi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku. Bwaaa. Fuku, fuku. Kwachu, kwachu. Kibanda kikikaa upande, Bi Pelele anakiinua. Masika ya kwanza yakapita. Masika ya pili yakapita. Mti ukaongezeka majani, makubwa, laini, ya kijani kilichoiva. Majirani wakasimama wakaustaajabia. Wakasema mti kama huo haujaonekana bondeni.

Kila asubuhi mama yake Digidigi aliuliza akiwa amelala.

"Umetoa ua?"

"Haujatoa, mama."

"Haya."

Masika ya tatu.

"Umetoa ua?"

"Haujatoa, mama."

"Haya."

Hapo Digidigi akaanza kukosa usingizi. Akawaendea majirani mmoja mmoja, akawauliza kwa adabu, je, haiwezekani kwamba mti umeshiba? Kiboko akasema kama hautoi ua ni kwa sababu ya kiu, basi ataleta maji mara mbili. Ngiri akasema ni njaa, ataongeza samadi. Kima akasema bado si duara. Bi Pelele akasema ni lile jua linalopenya pembeni, akaongeza kuta. Kila mmoja alimwambia asikate tamaa. Kila mmoja alisema wenzake wanafanya vizuri lakini hawafanyi vya kutosha.

Jamani, ungemfanya nini mnyama kama huyo? Angekuwa adui ungempiga teke. Lakini amekuja asubuhi na mapema, ametoka jasho kwa ajili yako, anatabasamu.

Sasa alikuwapo mmoja ambaye hakuweka mkono. Huyo alikuwa Chozi. Chozi ni ndege mdogo, mwili kama kidole gumba, mdomo mwembamba uliopinda, manyoya yanayometa. Chozi alikuja kila asubuhi. Tii, tii. Akatua kwenye ufito wa kibanda. Akaukagua mkomamanga juu mpaka chini, akaondoka. Hakugusa kitu. Miaka mitatu alikuja, akatazama, akaondoka.

Kima ndiye aliyeanza kulisema. Akamwambia Digidigi kwamba yeye si mtu wa maneno, lakini je, hajajiuliza ni nani katika bonde zima anayeutazama mti huo bila kuuwekea mkono? Ngiri akasema alilijua siku nyingi. Bi Pelele akasema hapendi kumsema mtu, kisha akamsema mpaka jua likapanda. Ikaonekana wazi kwa wote kwamba mti hautoi ua kwa sababu ya kijicho cha Chozi.

Digidigi naye akaamini. Nasema hivyo kwa masikitiko, maana nilikuwa nampenda. Lakini mtu aliyechoka huamini jambo lolote ambalo halimgombanishi na jumbe. Asubuhi iliyofuata Chozi alipotua, tii, tii, Digidigi akamwambia mbele ya majirani aondoke na macho yake asirudi tena. Chozi akafungua mdomo kusema. Ngiri akarusha bonge la udongo. Chozi akaruka, akaenda zake upande wa majabali.

Majirani wakafurahi. Wakasema sasa mti utazaa. Wakaongeza bidii.

Masika ya nne yakakaribia.

"Umetoa ua?"

"Haujatoa, mama."

Siku hiyo mama hakusema haya. Alivuta hewa kwa pua, akasema, "Mti wako unanuka zizi."

Digidigi akasema ni samadi ya Ngiri.

"Na chini pananuka kinamasi."

Hayo yalikuwa maji ya Kiboko.

"Kwetu nyikani," akasema mama, "mkomamanga wetu wa pale mawemaweni, nani alikuwa akiumwagia maji?"

"Hakuna, mama. Hata sisi hatukuwa na maji."

"Nani aliupa samadi?"

"Hakuna."

"Nani aliukata vichwa?"

"Hakuna."

"Ulizaa?"

Digidigi akakumbuka. "Ulizaa mpaka matawi yakagusa chini."

 Kisha Digidigi akamuuliza mama yake kama jambo hilo amelijua siku zote.

"Nililijua," akasema mama. "Sikusema. Sisi ni wageni, mwanangu. Mgeni akikataa mkono wa mwenyeji, atalala wapi? Nikajiambia labda utazaa hivyo hivyo."

Digidigi alikasirika.  Akatoka nje akasimama mbele ya mti.

Kiboko akaja kutoka mtoni, mashavu yamejaa. Alipotaka kuinama juu ya mti, Digidigi akasimama katikati.

"Baba Kiboko," akasema, "nakushukuru kwa miaka yote hii. Leo sikupokei. Wala kesho. Mti wangu hauna kiu."

Kiboko akatoa macho. Hakuweza kujibu, kinywa kimejaa. Hakuweza kumwaga maji, amekatazwa. Akasimama, mashavu yakitetemeka, akitazama huku na huku kama aliyesahau njia ya kwake. Mwisho akameza. Gubu. Akageuka, akarudi mtoni, na safari hii machozi yake hayakuwa ya huruma.

Ngiri akakatazwa. Akaimwaga samadi palepale njiani, akasema basi naijae nzi. Bi Pelele akakatazwa. Huyo hakugomba. Aliking'oa kibanda chake mwenyewe, ufito mmoja mmoja, polepole, akipumua kwa nguvu ili asikike. Kima akakatazwa, akacheka.

"Dada mgeni amekuwa mwenyeji hata kabla mti haujamruhusu," akasema. "Sisi tuliambiwa mchawi ni Chozi. Kumbe sote. Haya, mchawi wa nne naondoka."

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemsalimu. Walipita wakigeuza uso. Desturi yao iliwakataza kupita bila kugusa, na yeye aliwakataza kugusa, kwa hiyo wakatengeneza njia nyingine ya kuzunguka kwa mbali, ndefu, yenye miiba. Waliipita kila siku, wakichomwa, wakilaumu. Angalau wangepita bila kulaumu. Lakini hapana.

Masika ya nne yakanyesha, yakaisha. Digidigi akabaki na mama yake na mti. Na mkono mgumu kuliko yote kuuzuia ukawa wake mwenyewe. Asubuhi aliyahesabu majani. Mchana aliukwaruza udongo aone kama umekauka. Jioni aliyalamba matawi. Mama akamsikia.

"Na wewe pia," akasema mama. "Njoo ukae."

Akaja akakaa. Kukaa huko kulikuwa kazi ngumu. Kuliko kulima, kuliko kuchota maji. Jua likaupiga mti. Majani yale makubwa yakasinyaa, mengine yakapukutika. Mti ukakonda. Digidigi akautazama ukikonda na kujua kwamba kama amekosea, amemuua mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Hakugusa. Ncha za matawi zikarefuka, moja huku, moja kule, mti hauna umbo lolote, Kima angeuona angezimia. Na maua ya mkomamanga, kama hamkujua, hutoka huko huko kwenye ncha. Zile alizokuwa akizikata Kima miaka minne.

Mwanzo wa kipupwe likatoka ua. Jekundu, gumu kama nta. Kesho yake matatu. Siku ya tano yalikuwa kumi na moja.

"Umetoa ua?"

"Umetoa, mama. Umetoa."

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nyikani. Lakini siku chache baadaye aliinua sikio akauliza ni nini kinachoanguka. Tap. Kimya. Tap. Digidigi akaenda akatazama. Maua yalikuwa chini, mazima, mazuri, hayana kitu. Kesho yake tena. Tap. Tap. Lilitoka ua, likakaa, likaanguka. Hakuna hata moja lililoshika tunda.

Hapo Digidigi akakaa chini akalia kwa hasira, hasira ya mtu aliyefanya kila jambo alilopaswa kulifanya na bado haitoshi. Mama akamwacha alie. Kisha akamuuliza, kule nyikani, mti ulipotoa maua, asubuhi palikuwa na sauti gani?

Digidigi akakumbuka sauti. Tii, tii.

Akaondoka saa hiyohiyo. Alipanda majabali, akateleza, akapanda. Akamkuta Chozi akijisafisha manyoya juu ya jiwe. Akapiga magoti akamwomba radhi. Akamwambia kila neno, hata lile la Kima, hata bonge la Ngiri, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza, hakushikwa mkono na mtu.

Chozi akamsikiliza. Alikuwa amechukia, na ndege mdogo akichukia huchukia mwili mzima. Manyoya yakamsimama.

"Miaka mitatu," akasema, "nilikuja kila asubuhi. Mimi kazi yangu ni ua, mama. Nalisafirishia ua unga wa mwenzake, lishike tunda. Pasipo ua, mkono wangu ningeuweka wapi? Kwenye jani? Nilikuwa nangoja. Siku ile nilifungua mdomo niwaambie waniachie hata tawi moja, nikapigwa udongo."

 Digidigi akasema maua yamebaki manne.

"Manne," akasema Chozi, akatukana kidogo kwa lugha ya ndege, akaruka.

Akamwita mkewe. Wakaja wote wawili. Tii, tii. Wakatia midomo katika ua la kwanza, wakatoka vipaji vya nyuso vimepakaa manjano. Wakaingia la pili. La tatu. La nne. Wakafanya hivyo siku mbili. Siku ya tatu maua mawili yakaanguka. Mawili yakabaki, na chini yake pakavimba. Moja likaingiwa na funza. Likabaki moja.

Tunda moja juu ya mti mzima. Likawa kama ngumi ya mtoto. Likawa kama ngumi ya mtu mzima. Vuli ikapita. Kaskazi ikavuma, jua likawaka, tunda likaanza kupata wekundu shavu moja. Digidigi alilitazama tu. Akajifunza kupumua akilitazama.

Kisha mawingu ya masika ya tano yakajikusanya juu ya mlima.

Siku hiyo walikuja wote, maana sheria huwataka washuhudie, hata wenye kununa. Kiboko mbele, Ngiri, Bi Pelele, Kima. Wakasimama wakalitazama tunda.  Kisha Ngiri akasema tunda analiona, lakini sheria inataka lililoiva, na tunda bichi si tunda, ni jani lililovimba. Akasema yeye atalibonyeza kidogo tu kwa pua ajue. Kima akasema bora yeye, ana vidole. Bi Pelele akasema pengine wangelichuma kabisa wakalipasue kivulini, lisije likaumia.

Hebu fikirini. Baada ya yote hayo.

Digidigi akasimama mbele ya tunda, miguu yake minne ya vijiti. Hakupaza sauti.

"Hakuna mkono," akasema. "Limeiva au halijaiva, litasema lenyewe."

"Na mvua?" akauliza Kiboko. "Binti yangu, mvua haitakungoja." Alisema hivyo kwa upole kweli. Juu mlimani ngurumo ikapita.

"Najua, baba."

Wakasimama. Upepo ukaja. Likaja tone la kwanza, ndo, juu ya mgongo wa Ngiri. Ngiri akasema basi, imekwisha, mvua imenyesha na tunda liko vilevile. Tone la pili, ndo, chini. Matone yakaja upesi, ndo, ndo, ndo, yakaliosha tunda. Digidigi hakuondoka. Ndani ya kichaka walimokaa, mama yake alikuwa ameinua kichwa, masikio mbele.

Pwa!

Tunda likapasuka. Lilipasuka lenyewe, kutoka juu mpaka chini, na ndani mbegu zikaonekana, nyekundu, zimebanana, zinang'aa kwa maji.

Ngiri akasema limepasuka baada ya mvua, kwa hiyo limeiva baada ya mvua. Kima akawa wa kwanza kumgeukia. Akamuuliza je, kaka, wewe umeona wapi tunda likaiva kwa matone manane? Bi Pelele akasema bichi halipasuki, bichi hunyauka. Kiboko akafunga macho akafikiri. Akasema mvua hailiivishi tunda kwa dakika moja. Mvua imelikuta limeiva, ikalifungua. Akasema Digidigi si mgeni tena, wala mama yake, wala watakaozaliwa kwao. Kisha akalia sana, na kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha hakuna aliyemwona.

Digidigi akampelekea mama yake mbegu saba juu ya jani. Mama akala moja. Akala ya pili. Alitafuna polepole, uso hauonyeshi kitu. Majirani wakasogea kumsikiliza, mvua ikiwachirizikia.

"Jumbe yuko hapo?" akauliza.

Kiboko akaitika.

"Sasa naruhusiwa kufia hapa?"

"Unaruhusiwa, mama."

"Basi leo sifi," akasema mama. "Nileteeni nyingine."

Sasa, ningependa kuwaambia kwamba wanyama wa Kwamshale walijifunza. Walijifunza, ndiyo. Walirudi nyumbani wakakubaliana kwamba kumbe siri ni kutokugusa. Mwaka huohuo Ngiri akapanda mbaazi, mvua ikakatika mapema, na majirani wakapita kila siku mikono nyuma, wakijivuna, wakizitazama mbaazi zikikauka. Kiboko akapita mashavu matupu, mto uko palepale. Ngiri akaona haya kuomba. Mwisho akaja kwa Digidigi, akasimama mlangoni, akauliza bila kumtazama mbaazi zake zinataka nini.

"Maji, kaka," akasema Digidigi. "Hizo zinataka maji."

Akaenda yeye mwenyewe kumwita Kiboko.

Wakubwa kwa wadogo, maana ya ngano hii ni nyepesi, na sielewi kwa nini ni ngumu kushikwa. Kabla hujamsaidia mwenzako, muulize anataka nini. Akikwambia hataki, mwamini. Akikwambia anangoja kwanza, usimwone ana kijicho. Na wewe mwenye mti, sema mapema, usingoje masika manne.

Ngano yangu nimeitua hapa. Atakayeiokota aichukue kama ilivyo, asiiongeze maji.